Simu inaita, gari liko kwenye mwendo: madereva na nyie mnaotupigia, njooni tuongee

Fuso_la_Vitunguu

Heshima kwenu wakuu. Mimi si mwandishi, nikikosea mnivumilie. Nina miaka kumi na nne barabarani, mitano ya utingo, iliyobaki kwenye usukani. Nabeba vitunguu Ruaha Mbuyuni, nashusha Dar. Hapa naandika nimekaa kwenye benchi la mama ntilie, Fuso limepaki, chai inapoa. Tukio lenyewe lina siku tatu.

Ilikuwa magharibi inaingia. Nimeshatoka mbugani Mikumi, Doma nimeipita, naitafuta Melela. Mteja wangu wa Dar tangu mchana haniachi. Umefika wapi? Mbona hupokei? Na mimi namsubiri anitumie nusu ya hela, kuna mkulima amenikopesha gunia kumi na anataka chake. Simu nimeiegemeza kwenye kioo, juu ya dashibodi. Ikalia mlio wa meseji. Nikajua hela hiyo.

Nikanyoosha mkono, ikateleza, ikaanguka miguuni. Nikainama.

Nikasikia utingo anapiga kelele, "Bro! Baiskeli! Baiskeli!" Nikakanyaga breki, pedali haiendi chini. Wakuu, simu ilikuwa imelala chini ya pedali. Dogo akaurukia usukani akausukuma kulia, mimi nikakanyaga tena kwa uzito wa mwili wote, kitu kikalia "kaa!" chini ya kiatu, ndipo breki ikashika. Ule mlio ulikuwa kioo cha simu.

Mwenye baiskeli alikuwa ameshajirusha kwenye majani. Gunia la mkaa limepasuka, lami nzima nyeusi. Akainuka, mtu mzima, akajipangusa magoti, akatafuta ndala yake moja, akaivaa, akaja mpaka mlangoni. Nilijiandaa kwa matusi. Akaiangalia simu mkononi mwangu, akaniuliza taratibu tu: "Ulikuwa unaongea na nani, kijana?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa mkaa wake na ringi ya baiskeli, akapokea bila kuhesabu.

Ile meseji nilikuja kuisoma Moro mjini, kioo kimekuwa utando wa buibui. Mpendwa mteja, jipatie bando.

Sasa sijaja kuwaambia "dereva, acha simu". Hiyo imeandikwa kila mahali, tunaisoma huku tunaongea na simu. Nimekuja na hili: simu ya dereva ina watu wawili, anayepokea na anayepiga. Mteja, bosi, mke, mama mzazi, mnapiga mara tisa na hamjui kama mtu yuko mlima Kitonga anashuka na gia ya pili. Tunafanyaje? Na likitokea la kutokea, simu hiyohiyo itanisaidia vipi nikiwa nimelala chini? Karibuni, lakini msinitukane sana, nimeshajitukana.

KijiweNongwa

Nawahi siti ya dirishani kabla konda hajaja.

Pole mkuu. Ila tangazo la bando? Dah.

Mama_Njia_Panda

Pole sana baba, na mpe pole utingo wako, huyo kijana mwongezee posho.

Mimi ni mke wa dereva wa semi. Dar, Tunduma, akibahatika mzigo anavuka hadi Lubumbashi, Kongo. Hapo kwenye mara tisa umenisema mimi, nimekubali. Lakini na nyie mtuelewe. Semi ikilala ubavu Iyovi saa mbili usiku, saa mbili na robo picha ziko kwenye magrupu. Kichwa cheupe, tela la bluu, kama la kwake. Kuna vichwa vyeupe vingapi nchi hii? Moyo hauulizi hivyo. Napiga. Hapokei. Napiga tena. Sipigi kwa wivu (sawa, mojamoja ni kwa wivu). Unataka nikae nimeshika tama mpaka asubuhi?

Fuso_la_Vitunguu

Shemeji, hapo ndipo nilipotaka tufike. Mke wangu naye alikuwa hivyohivyo. Baada ya tukio hili tukakaa. Tumekubaliana vituo. Nikitoka Ruaha Mbuyuni namwandikia "Ruaha". Nikisimama Mikumi mjini, "Mikumi". Moro. Chalinze. Neno moja tu, gari limesimama. Katikati ya kituo na kituo hapigi, na mimi sishiki. Ukipita muda mrefu kuliko kawaida, anampigia utingo, hanipigii mimi. Namba ya utingo anayo. Nina safari moja tu tangu tuanze, sijui kama litadumu, ila siku ile niliendesha kichwa kikiwa chepesi.

TochiHainipati

Mnakuza mambo. Mimi nina Bluetooth ya sikioni, mikono yote miwili iko kwenye usukani, macho barabarani. Miaka sita sijakwaruza hata bampa. Tatizo la huyu jamaa ni kuinama, siyo kuongea. Nunueni vifaa.

mwl_wa_gia

Mkuu TochiHainipati, nafundisha udereva, naomba nikujibu kwa upole.

Kwanza hesabu, maana wengi hawajawahi kuipiga. Fuso likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde tano za kuangalia nani ametuma nini ni mita 110. Huo ni uwanja wa mpira, goli mpaka goli, umekimbia na tani zako umefumba macho. Mjini kwenye 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Sekunde tatu tu umeshavuka zebra, watoto wa shule na kituo cha daladala.

Pili, hiyo ya sikioni. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali mara nne hivi ya asiyetumia, na kwamba vifaa vya kuacha mikono huru havijaonekana kuwa na usalama zaidi kwa kiasi cha maana. Kinachoondoka barabarani ni akili. Mikono inabaki pale pale kwenye usukani.

Kuna mtu atasema, mbona naongea na abiria pembeni? Abiria anaiona barabara. Lori likichomoza mbele yenu ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele kama yule utingo. Aliyeko Kariakoo anauliza bei ya vitunguu hajui kama kuna lori. Anaendelea kuuliza.

Nina zoezi nalifanya uwanjani. Mwanafunzi akishajua kupita kati ya koni vizuri, namwekea simu ya spika, namwambia amwelekeze mwenzake njia ya kufika kwao Mbagala. Mmoja alikuwa fundi kweli, koni haigusi. Alipofika "ukishuka kituoni unakata kushoto", na yeye akakata kushoto. Koni mbili chini. Hakujua kwa nini.

TochiHainipati

Hahaha hiyo ya koni umetunga mwalimu.

mwl_wa_gia

Njoo uwanjani na Bluetooth yako. Koni nalipia mimi.

KijiweNongwa

Halafu wakuu, Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Imerekebishwa, lakini mwaka ni huohuo. Tarehe 3 Aprili 1973 ndiyo Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya mkononi, pale barabarani New York. Yaani sheria na simu ni umri mmoja, ila zimekutana ukubwani. Alipiga akiwa anatembea kwa miguu, lakini.

Dereva_wa_Programu

Na sisi wa kuitwa kwa programu tukale wapi? Simu ndiyo ofisi. Ramani humo, abiria humo, hela humo. Ombi linakuja nina sekunde chache za kukubali, nikichelewa linaenda kwa mwingine. Mkisema "zima simu" mmenifukuza kazi.

mwl_wa_gia

Wewe huwezi kuzima, ni kweli, na sitaki kukudanganya kuwa kuna namna ya kuifanya kazi hiyo bila simu. Punguza tu kinachowezekana. Kishikio kiwe chini ya mstari wa macho lakini siyo mapajani, na kisizibe kioo. Mahali unapokwenda weka kabla hujatoa gari, kisha isikilize ramani, usiisome. Na abiria akipiga kusema "naona gari linazunguka, nipo hapa kwenye duka la dawa", egesha ndiyo umjibu. Dakika moja hiyo.

Dereva_wa_Programu

Egesha wapi, Kariakoo?

mwl_wa_gia

Hapo umenishinda.

Boda_Tegeta

Mimi nakiri hadharani, simu naichomeka kwenye helmeti. Sikio, simu, helmeti. Mteja anapiga naongea huku naenda. Wote tunafanya.

Nesi_wa_Zamu

Boda_Tegeta kaka yangu, unajua kwa nini helmeti zenu tunaletewa mkononi na msamaria, haziko kichwani? Ili simu iingie unalegeza mkanda au huufungi kabisa. Ukianguka, helmeti inatangulia peke yake. Na upande wenye simu husikii honi.

Nimesoma uzi wote, ngoja niseme la kwangu, mimi nafanya kazi upande wa majeruhi. Nitaandika kirefu, anayetaka aruke.

Mtu analetwa hajitambui. Jina hatuna. Mfukoni ana simu, nzuri kabisa, ina nywila, alama ya kidole, sura. Kidole chenyewe kina damu. Hatuwezi kupiga kwa mtu yeyote. Mnajua tunafanya nini? Tunaichomeka chaji, tunaiweka juu ya meza ya zamu, tunasubiri iite. Simu iliyofungwa haikuruhusu kupiga, lakini ikiita unaweza kupokea. Nimepokea za watu wengi kwa njia hiyo. Nyingine inaandika "Mama Mzazi", unavuta pumzi kwanza.

Usiku mmoja ikaita ya mgonjwa, imeandikwa "Fundi Bomba". Saa saba usiku. Nikajua fundi gani anapiga saa saba, nikaacha. Ikaita tena. Nikapokea. Sauti ya mwanamke inalia. Ndugu zangu, mnaohifadhi watu kwa majina ya mafundi, siku ya shida fundi ndiye atakayekuja hospitali, na mke atakuja baadaye kidogo, na sisi manesi ndio tutasimama katikati.

Kwa hiyo kafanyeni leo, ni dakika tano. Kwenye mipangilio ya simu janja kuna sehemu ya usalama na dharura, unaweka watu wa kupigiwa na maelezo ya afya: kundi la damu, dawa unazotumia, kisukari, mzio. Mtu akibonyeza "dharura" kwenye skrini iliyofungwa anayaona bila nywila. Asiye na simu janja aandike namba mbili kwenye karatasi aweke nyuma ya leseni au ndani ya kava la simu. Andika na uhusiano. "Kaka, Dodoma." Tujue tunaongea na nani.

Na mjifunze namba moja kwa kichwa. Nimewahi kumpa mgonjwa simu yangu ampigie mkewe, mtu ana akili zake timamu, mguu tu umevunjika, akabaki anaitazama. Namba ya mke aliyeishi naye miaka kumi na moja haijui. Anajua ya kwake na ya mtoa huduma.

Mama_Njia_Panda

Fundi Bomba 😂😂 nimecheka, halafu nimenyamaza. Naenda kukagua simu ya mtu.

Ruaha_Mwanakijiji

Mimi naishi kando ya barabara kuu, ajali tunazifikia kabla ya wote. Nesi tuambie sisi tunaofika kwanza. Maana watu wakifika, wa kwanza anatoa simu, wa pili anatoa simu, wa kumi ndiye anauliza nani amepiga polisi. Kila mmoja anadhani mwenzake amepiga.

Nesi_wa_Zamu

Asante kwa kuuliza. Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe mwenye fulana nyekundu, piga 112." Ukisema "jamani pigeni simu", hapigi mtu.

112 ni polisi na dharura kwa jumla. 114 ni Zimamoto na Uokoaji, hao wana vifaa vya kukata gari mtu akibanwa, usiwasubirishe mpaka uone moto. 115 ni ya mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, mfumo wa m-mama. Ni bure, na pasipo na gari la wagonjwa wanamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, nauli analipwa na mfumo. 112 inapiga hata salio likiwa sifuri, hata skrini ikiwa imefungwa, na kama mtandao wako hauna mnara hapo simu hujaribu kupita kwenye mtandao mwingine uliopo.

Ukipokelewa, anza na mahali kabla ya kitu kingine chochote. Chaji inaweza kuisha, mtandao unaweza kukata, mahali wawe wamepata. Usiseme "njia ya Iringa". Sema umetoka Mikumi unaelekea Ruaha Mbuyuni, umepita kijiji fulani, soma nguzo ya kilomita iliyo kando ya barabara kama ipo karibu. Halafu watu wangapi, kuna aliyebanwa, kuna mafuta yanamwagika. Usikate wewe, waache wakate wao.

Na kabla ya hayo yote zima injini, washa hazadi, peleka pembetatu nyuma mbali, kama hamna vunjeni majani kama tunavyofanya siku zote. Nimeshapokea mtu aliyegongwa akiwa amesimama katikati ya lami anaelezea ajali kwa simu.

Msamvu_Mkazi

Kwenye mafuta naomba niongeze, mimi ni wa Morogoro. Agosti 2019 tulizika. Tarehe 10 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakaja na madumu, wengine wakaja kuangalia tu, moto ukashika. Zaidi ya watu 100. Sitasema mengi. Tangi likilala, simu yako iwe ya kupiga ukiwa umeshakimbia mbali. Usisogee kupiga picha. Usisogee kabisa.

KijiweNongwa

Pole mkuu. Hapo hapo niulize: ile ya sheli, "zima simu", ni kweli simu inalipua? Maana sheli ya kwetu kuna bango la simu iliyopigwa msalaba, na chini yake stika ya lipa kwa simu, kwenye pampu hiyohiyo.

mwl_wa_gia

Mawimbi ya simu hayajathibitika kuwasha moto sheli. Mioto mingi ya wakati wa kujaza mafuta iliyochunguzwa ilihusishwa na umeme tuli, ule unaokupiga ukigusa mlango baada ya kuteleza kwenye siti. Kwa hiyo unapojaza usiingie na kutoka garini. Lakini bango liheshimu, anayejaza huku anaongea hufurisha tangi au huondoka na mpira ndani. Kulipa, sogea pembeni ya pampu.

Msafiri254

Niaje Watz. Huku kwetu Kenya kushika simu gari likitembea ni faini ya shilingi 2,000, iko kwenye kanuni za makosa madogo za 2016. Watu bado wanashika. Kilichosaidia ni abiria. Kulikuwa na stika ndani ya matatu, Zusha, zinakwambia dereva akiendesha vibaya usinyamaze. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walilinganisha matatu zenye stika na zisizo nazo, madai ya bima yakapungua kwa robo hadi theluthi moja. Karatasi tu imebandikwa!

Ruaha_Mwanakijiji

Huku ukizusha abiria wenzako ndio wanakushambulia. "Kama unaogopa shuka." Basi limejaa, dereva anaongea na simu yuko kwenye kona, ukisema mmoja unaonekana mshamba.

Msafiri254

Hata huku ni hivyo. Ndiyo maana ya stika, inakupa ujasiri, unasoma tu kilichoandikwa. Mimi siku hizi siongei na dereva, nampigia konda macho: "Kondakta, msaidie dereva kushika hiyo simu." Haimuaibishi mtu. Mara nyingi konda anaichukua.

Fuso_la_Vitunguu

Hii ya "msaidie kushika" nimeiiba.

Binti_Kilosa

Nimesoma tangu juzi nikasita kuandika. Kaka yangu alipata ajali mwaka juzi. Mimi nilikuwa sokoni. Nimefungua WhatsApp, grupu la shule ya msingi, si hata la ukoo. Picha ya kwanza gari. Ya pili soksi. Soksi zile nilimnunulia mimi, zina mstari wa njano. Nilijua kabla sijafika ya tatu, na ya tatu sikuifungua mpaka leo.

Mama yetu aliambiwa na mtoto wa jirani aliyekuwa anacheka na simu, hakujua ni nani kwenye picha.

Aliyepiga zile picha alikuwa amesimama karibu. Soksi zilionekana vizuri kabisa, mpaka uzi. Kwa ukaribu ule angeweza kumshika mkono. Sina hasira naye tena, ila huwa nafikiria alikuwa na simu mkononi, yenye chaji, yenye mtandao, maana picha ilitumwa palepale.

Nesi_wa_Zamu

Pole mdogo wangu.

Mama_Njia_Panda

Pole mwanangu. Mungu awape nguvu na mama. Nimeondoka kwenye magrupu mawili baada ya kusoma hapa.

Ruaha_Mwanakijiji

Pole sana dada. Kijijini kwetu tumewahi kuwapokonya vijana simu pale pale, ila wanakuja wapya kila ajali.

Boda_Tegeta

Pole dada.

Nirudi kwenye mada. Pasipo na mtandao mnafanyaje? Mimi natoka Tegeta lakini kwetu ni ndani sana, ukiharibikiwa njiani simu ni tochi tu.

Fuso_la_Vitunguu

Hilo najua vizuri, nimelala porini mara nyingi. Kwanza usikae unapiga-piga, ndiyo inamaliza chaji. Andika meseji. Meseji inapita kwenye mtandao dhaifu ambao simu ya kuongea haipiti, na ikigoma irudie baada ya muda au mpe mtu anayekwenda mbele, mwenye boda au lori, akifika kwenye mnara aitume. Mimi nimebeba meseji za watu wengi hivyo, na jina la mahali walipokwama nimeandika mkononi kwa kalamu. Panda palipoinuka. Zima data, punguza mwanga. Kama ni usiku na hakuna kinachoendelea, izime kabisa uiwashe kila baada ya saa moja.

Na kila gari la safari liwe na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Simu janja ni ya kuangalia mpira, kitochi ni cha kuokoa maisha. Changu nimekiweka kwenye droo ya dashibodi na laini ya mtandao tofauti, chaji inakaa wiki.

TochiHainipati

Mwalimu nilikwenda uwanjani Jumamosi.

mwl_wa_gia

Waambie.

TochiHainipati

Koni tatu.

Lakini uwanja wenyewe una mashimo.

Dereva_wa_Programu

😂😂😂 Bluetooth imesema nini?

Fuso_la_Vitunguu

Mrejesho wakuu. Mteja wangu wa Dar nimempigia nikiwa nimepaki, nikamwambia kuanzia sasa nikiwa njiani simu anashika utingo. Akanuna. Akasema atatafuta dereva mwingine anayepokea. Nikamsimulia ile ya mzee wa mkaa. Akakaa kimya, akasema basi umefika wapi. Nikamwambia nimepaki nakunywa chai. Akasema haya, maliza chai. Sijui kama bado ni mteja wangu, tutajua Alhamisi.

Simu yenyewe sijabadilisha kioo. Fundi anataka elfu themanini.

Mama_Njia_Panda

Na mimi mrejesho. Tulikubaliana vituo kama ulivyosema. Aliondoka Jumatatu. Chalinze ikaingia. Moro ikaingia. Mikumi ikaingia. Iringa, kimya. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nilikuwa na namba ya utingo lakini utingo simu imezimwa. Nimeishika simu mpaka mkono umetoa jasho. Sikupiga. Namwona anapanda Kitonga gizani na mimi naita. Sikupiga.

Saa kumi kasoro ikaingia: "Mako". Makambako. Iringa alisahau, ndivyo anavyosema.

Sikupiga, lakini msije mkadhani nililala.

Fuso_la_Vitunguu

Shemeji umefanya kazi kubwa kuliko ya dereva. Huyo mwambie kituo hakirukwi, akiruka tena umpigie wewe mara tisa, akishapaki.

KijiweNongwa

Mkuu, gunia la vitunguu sasa hivi ni shilingi ngapi huko Ruaha?

Fuso_la_Vitunguu

Njoo inboksi. Ila nikichelewa kujibu ujue niko njiani.